Vikeki vya Boga na Maziwa ya Muzee Sekabanza

Ninyi wasichana wa Mabanga mnanichosha. Kila mnapokuja kukaa jikoni kwangu na simu zenu na vikombe vyenu vya kupimia, lazima mmoja aulize: "Koko Faida, na maziwa unatia saa ngapi?" Sitii. Vikeki vyangu vya boga havina maziwa, havijawahi kuwa na maziwa, na siku moja niliyotaka kuyatia, nusura mdogo wangu akose mume huku amekwisha kuvaa. Nikiwaeleza kwa mdomo hamsikilizi, mnakula tu. Basi nawaandikia. Mtasoma mkishashiba.

Kwanza mjue kwamba kazi hii sikuisomea popote. Nilifundishwa na mama mmoja mzee tuliyekaa naye parseli moja, yaani ua mmoja, hapa hapa Mabanga mjini Goma, Koko Veronika. Kwenye kadi yake alikuwa na jina lingine, kwa sababu miaka ile ya Zaïre majina ya watakatifu yalikuwa yamekatazwa, na kila mtu aliitwa sitwayeni, yaani mwananchi, hata ukienda kununua chumvi. Lakini nyumbani alibaki Veronika. "Mungu hasomake kadi," alikuwa akisema, na hapo mazungumzo yaliisha.

Alizaliwa milima ya Masisi, katikati ya ng'ombe, na alipokuwa msichana alipikia Madamu mmoja Mzungu ambaye mume wake alikuwa na shamba la kahawa upande wa Rutshuru. Kila mwaka, mwezi wa kumi ukifika na mvua yetu ikikaa sawasawa, yule Madamu aliingia huzuni. Alisema kwao sasa majani ya miti yanageuka mekundu na kuanguka, na kina mama wanapika boga na viungo kwenye furu, ile tanuri ya kuokea, mpaka nyumba nzima inanukia. Koko Veronika alimsikiliza kwa huruma.

"Mi nilifikiri iko magonjwa," alinisimulia. "Majani inageuka rangi, inaanguka chini, na yeye anaitamani! Kwetu kahawa ikifanya vile, watu wanalia."

Madamu alirudi kwao, mapishi yakabaki kichwani mwa Veronika. Ndivyo sisi wa Mabanga tulivyorithi msimu wa Wazungu bila majani yake. Mwezi wa kumi kwetu ni mvua, matope meusi na maboga. Inatosha.

Sasa, ninyi mna furu ya umeme, na umeme ukikatika mnakaa mnatazamana. Sisi tulikuwa na pipa. Pipa la mafuta lililokatwa upande mmoja, limelazwa juu ya mawe, makala, yaani makaa, chini, na mengine juu kwenye bati. Vikeki vilikaa kwenye makopo ya tomati tuliyoyakata na kuyalainisha midomo kwa jiwe, maana kopo lililokatwa vibaya lilikula vidole kabla ya mtu kula keki. Na mawe yenyewe, nisikilizeni hapa, msiokote jiwe lolote. Jiwe la Goma limejaa matundu na linakunywa maji. Mimi niliokota yangu penye mfereji, yamelala mvuani wiki nzima, nikayaweka chini ya pipa na kuwasha moto wa hasira kwa sababu nilikuwa na haraka. Jiwe likalia paa! Kipande kikaruka, kikatoboa beseni la jirani, na vikeki vikavaa majivu.

Koko Veronika alitoka mbio. Hakuuliza habari ya vikeki. Alinishika uso, akatazama jicho moja, akatazama lingine.

"Unaona vidole yangu?"

"Ninaona, Koko."

"Vyote?"

"Vyote."

Alishusha pumzi, akamshukuru Bikira Maria kwa sauti, halafu ndipo akanipiga mwiko begani. Tangu siku hiyo mawe yangu yanalala chini ya paa na moto wangu unaanza mdogo.

Habari ya boga lenyewe. Yale mazuri yalikuja na malori kutoka mji wa Kiwanja, na wale mama wauzaji walikuwa wajanja, walipaka maganda mafuta kidogo yang'ae. Usitazame kung'aa. Bonyeza kwa ukucha: ukucha ukiingia, liache. Kikonyo kiwe kimekauka. Linyanyue, liwe zito kuliko ulivyodhani. Halafu ligonge na usikilize, na kama muuzaji anakucheka mwache acheke. Nyumbani lipasue vipande vikubwa na ganda lake, weka kwenye sufuria na maji machache, funika kwa majani ya ndizi, makala kidogo. Likiiva, toa nyama yake, ifunge kwenye kitambaa safi na uitundike ichuruzike mpaka iache yenyewe. Hapa ndipo wengi wenu mnapokosea. Mnatia boga limeloa, keki inakaa katikati kama imechoka, halafu mnasema unga ulikuwa mbaya.

Na yale maji ya boga, ole wake atakayeyamwaga mbele yangu! Yarudishe jikoni, yachemke polepole na kipande cha tangawizi mpaka yapungue, yawe mazito na matamu. Enzi zile unga wa ngano ulikuja ukipenda, ukikosekana tulichanganya na wa mahindi, na maziwa ndiyo kabisa, ilikuwa kopo la unga wa maziwa ambalo lilitoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na kupotea njiani. Kwa hiyo palipotakiwa maziwa, Koko Veronika alimimina maji ya boga. Sufuria yake ndogo ya maji hayo ilikaa siku zote upande wa kushoto wa babula, jiko letu la makaa, karibu na makala lakini si juu yake. Mkono wake uliijua bila macho, na ilibidi, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kufifia.

Viungo: mdalasini saga mwenyewe. Tangawizi mbichi. Muskade, ile kungumanga, kidogo ukiipata. Karafuu weka kwa adabu, ukizidisha mgeni atadhani ametoka kung'olewa jino.

Joto la furu Koko alilipima kwa sala. Alitia mkono mtupu ndani ya pipa na kuanza Salamu Maria. Ukiutoa mkono kwenye "umejaa neema", moto umezidi, subiri. Ukifika "amina" bila wasiwasi, hakuna moto hapo, unacheza. Mkono unatakiwa kukataa pale unapoanza "Maria Mtakatifu". Mama mmoja Mprotestanti aliyekuja kujifunza akauliza yeye atapimaje. Koko alifikiri, akamwambia atumie Baba Yetu, lakini asiikimbize.

Haya. Sasa maziwa.

Mdogo wangu Furaha alipendana na kijana anayeitwa Bahati tangu wakiwa shuleni. Bahati alikuwa mtoto wa wafugaji wa Masisi, kijana mpole, anacheka na macho. Tatizo halikuwa yeye. Tatizo lilikuwa baba yake, Muzee Sekabanza. Muzee yule hakuwa mbaya, nisimsingizie, lakini alipenda ng'ombe zake kama watu wengine wanavyopenda watoto, na hakuamini kwamba mtu wa mjini anajua ng'ombe ni nini. Alikuwa ameahirisha siku ya mahari hata Furaha akaanza kukonda. Kila mara alituma neno lile lile: "Watu ya Goma wanajua maziwa ya mu kopo. Ng'ombe yangu itaishi na nani?"

Papa yetu alikuwa fundi cherehani, na alijibu kwamba ng'ombe atakaa kwa mdogo wake kule Kalengera, penye majani na watu wanaojua. Maneno yakaenda, yakarudi. Mwishowe Muzee akakubali. Siku ikawekwa, Jumamosi ya mwezi wa kumi, baada ya chakula cha mchana. Ng'ombe angeletwa mwenyewe, kwa miguu yake, mbele ya mlango wetu, na watu wote wa parseli waone.

Furaha akaja jikoni kwangu mimi yaya wake, dada yake mkubwa. "Yaya, utanipikia vikeki vya boga. Bila vile mi sitoke mu chumba."

Papa alisikia kutoka kwenye cherehani yake, akaacha kushona.

"Boga? Mbele ya wakwe?"

Mnielewe vijana. Boga siku zile halikuwa chakula cha wageni. Boga lilikuwa chakula cha watoto na cha siku ambayo hakuna kingine. Ukimpa mkwe boga, ni kama umemwambia kaa juu ya ndoo wakati kiti kipo.

"Papa, hii si boga ya sufuria. Ni keki."

"Keki ya boga ni boga yenye imevaa kopo," alisema Papa. "Wataenda kusema mu Masisi yote kama kwa fundi Ezekieli wanakula vile ng'ombe wanakula."

Lakini unga wa ngano wa kutosha keki za kawaida haukuwapo Goma juma lile, na Furaha alikuwa analia, na Papa hakuwahi kushinda machozi ya Furaha. Akarudi kushona abakosti yake ya siku hiyo, ile suti isiyovaliwa tai, huku akinung'unika na pini mdomoni.

Jumamosi asubuhi, kabla sijawasha moto, Bahati mwenyewe akabisha hodi. Ng'ombe alikuwa amefika tangu jana na kulala kwa watu wao pembeni ya mji. Walikuwa wamemkamua alfajiri, na Muzee alituma kibuyu cha maziwa ya ng'ombe yule yule anayekuja kwetu. Kibuyu kirefu, cheusi kwa moshi wa miaka, na mfuniko wa kusuka wenye ncha. Bahati alinikabidhi kwa mikono miwili, akasalimia kwa heshima, akaondoka mbio kabla Furaha hajachungulia.

Hakusema ni ya nini. Kwao hakuna anayeeleza jambo hilo, kama sisi tusivyoeleza kwamba kikombe ni cha kunywea. Mimi nilizaliwa Mabanga. Maziwa niliyoyajua yalitoka kwenye kopo, yakakorogwa, yakaingia kwenye chai, chai ikachemka. Nilifungua mfuniko, nikanusa, na nikaona mlango umefunguka! Papa anaona aibu ya boga? Basi litakuwa boga lililopikwa kwa maziwa ya wakwe wenyewe. Heshima juu ya heshima. Nikamfuata Papa kwenye cherehani yake nikamwambia, na kwa mara ya kwanza juma lile uso wake ukakunjuka.

"Sasa njo umefikiri," alisema. "Hiyo nitaisema mbele ya watu."

Nilimimina maziwa yote kwenye bakuli, nikaliweka mezani karibu na unga, kando ya babula. Koko Veronika alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anakoroga mayai na sukari. Na hapo mvua ikaanza, ile ya Goma isiyobisha hodi, na pipa langu lilikuwa nje na moto wake mdogo.

"Koko, malizia! Mimina, koroga, jaza makopo!" nilipiga kelele, nikanyakua bati na kukimbilia moto wangu.

Kule nje nilipigana na mvua, na moshi, na jirani yule wa beseni aliyetaka kujua kama mawe ni makavu leo. Niliporudi, makopo yamejaa rojo, yamepangwa vizuri. Bakuli la maziwa limeoshwa na kufunikwa. Koko ananawa mikono. Nilishukuru, nikabeba, nikapima joto kwa sala yangu, mkono ukakataa mahali pake, vikeki vikaingia. Vikapanda kama sijawahi kuviona vikipanda. Harufu ya mdalasini ilivuka ukuta, na hata jirani akanyamaza.

Wageni walikuja mvua ikiwa imepungua. Muzee Sekabanza alikuwa mrefu, amevaa kofia na koti refu, fimbo mkononi, na alisalimia kila mtu polepole kama asiye na haraka ya kurudi kwake. Nje, mbele ya mlango wa parseli, mdogo wake alisimama ameshika kamba, na mwisho wa kamba ng'ombe wetu, mwekundu, pembe nzuri, anatazama Mabanga bila kuvutiwa. Furaha alikuwa chumbani nyuma ya pazia, amevaa, anasubiri.

Maneno ya mahari yalikwenda vizuri. Walitaniana, walisifiana, walidaiana pombe ya ndizi wasiyohitaji. Nikaingia na sinia. Muzee alichukua kikeki kimoja, akakigeuza, akakisogeza puani, na nikaona amependa harufu. Na Papa, Mungu amlaze pema, akasimama ndani ya abakosti yake mpya na kukunjua mikono.

"Kula, Muzee! Kula bila wasiwasi! Mutoto wangu amepika na maziwa yenu, ile ya leo asubuhi!"

Mkono wa Muzee ukasimama hewani.

Upande wetu bado watu walikuwa wanatabasamu. Upande wao hapana hata mmoja. Bahati aliinamisha kichwa mpaka nikaona shingo yake yote.

Muzee alikirudisha kikeki kwenye sinia, taratibu, bila dharau. Akanitazama mimi, si Papa.

"Mama, ni weye ulipika?"

"Ni mimi, Muzee."

"Nataka unielezee vizuri. Kwetu maziwa hatuwekake ku moto. Maziwa ya ng'ombe yenye unakuya kutoa, ukiiunguza, umemuunguza ng'ombe mu kiwele. Itakauka. Na mutoto wangu atakuwa ameoa ku ng'ombe yenye ilikauka. Siwezi kumufanyia vile. Sikuleta hasira hapa, mama. Ninauliza tu. Maziwa ile, iliona moto?"

Nyuma ya pazia nilisikia kitanda kikilia, Furaha ameketi ghafla. Ningesema nini? Mikono yangu mwenyewe ndiyo iliyomimina maziwa kwenye bakuli. Ningeweza kusema hapana, na kila mwaka wa maisha yangu ningemtazama yule ng'ombe kiwele. Nilimpenda mdogo wangu, lakini mzee yule alikuwa ameniuliza kwa adabu, na mtu akiniuliza kwa adabu mimi siwezi kumdanganya. Ndivyo nilivyoumbwa, na imenigharimu mengi.

"Ndiyo, Muzee," nikasema. "Nilitia. Sikujua. Nilitaka kuwaheshimu."

"Ninaona kama ulitaka kuheshimu," alisema, na nilisikia kweli kwamba anaona. Ndiyo iliyoniumiza zaidi. Akageuka mlangoni, akamwita mdogo wake bila kupaza sauti. "Geuza ng'ombe."

Kamba ikavutwa. Yule ng'ombe mwekundu akaanza kugeuka, kichwa kwanza, halafu miguu ile ya mbele, upande wa barabara. Furaha alitoa sauti nyuma ya pazia ambayo sitaki kuisikia tena. Papa alikuwa bado amekunjua mikono, amesahau kuishusha.

"Maziwa gani?"

Ilikuwa Koko Veronika, kwenye mlango wa jikoni, kitambaa begani, amekasirika kama mtu aliyeamshwa.

"Faida! Maziwa gani uliweka mu keki? Nani alikoroga keki? Ni weye ao ni miye?"

"Ni wewe, Koko, lakini nilimimina kwenye bakuli, nikakuambia—"

"Uliniambia nini? Ulikuwa unapiga kelele na mvua! Ulisema mimina, nikamimina vile tunamiminaka siku zote, maji ya boga, sufuria iko ku mukono yangu ya kushoto. Halafu ninanawa, ninaona maziwa mu bakuli karibu na moto. Nikasema, aka! Huyu mutoto ana akili kweli? Nani anaacha maziwa ya dote, ya mahari, karibu na moto? Nikairudisha mu kibuyu, nikaitundika kule kwenye baridi. Mi nilizaliwa Masisi, Muzee, unaniona vile? Mi naweza kuchoma maziwa?"

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu amekikumbatia. Kimejaa mpaka shingoni.

Muzee hakukimbilia kukipokea. Alisimama, akavua kofia, ndipo akanyoosha mikono miwili. Aliondoa mfuniko, akanusa. Akainamisha kibuyu kidogo kwenye mwanga wa mlango na kutazama krimu ilivyopanda juu, imetulia, nzima, haijaguswa na kitu. Alitazama muda mrefu hata nikataka kupiga yowe. Kisha akanywa. Akakaa na maziwa mdomoni, akameza.

"Haikuona moto," alisema.

Watoto wangu, mimi nimezaa, nimeugua, nimekimbia vita na nimerudi, lakini sijui kama nimewahi kupumua kama nilivyopumua pale. Niliketi chini na sinia langu mapajani, mbele ya wakwe, bila haya. Papa alicheka na kulia pamoja. Muzee alimpa Papa kibuyu, Papa akanywa, akasimama akiwa na mstari mweupe juu ya mdomo, akafungua pazia mwenyewe na kumpa Furaha. Furaha alikunywa akiwa analia, na maziwa mengine yalishukia kwenye nguo yake ya siku hiyo, na hakuna aliyejali.

"Na ng'ombe?" mdogo wa Muzee aliita kutoka nje. "Nimuendeshe ao nimuache?"

"Murudishe!" walimjibu watu wa nyumba nzima.

Ng'ombe akageuzwa tena, na safari hii alilalamika, na tulimsamehe.

Muzee Sekabanza alikaa, akachukua kikeki chake kile kile. Akauma. Akatafuna kwa makini, kama alivyofanya kila kitu.

"Iko nini ndani, mama, kama haiko maziwa?"

Nilimtazama Papa. Papa alitazama dari.

"Ni boga, Muzee," nikasema. "Boga na maji yake."

"Boga?" Akatazama kile kilichobaki mkononi. "Boga hii yenye tunapandaka mu mahindi?"

"Hiyo hiyo."

"Kumbe tunaipa ng'ombe," alisema kwa masikitiko, akachukua cha pili. Na alipoagana na sisi jioni, nilikiona cha tatu kimefura kwenye mfuko wa koti lake refu.

Nilimfuata Koko Veronika jikoni baadaye. Nilitaka kumbusu mikono, yeye alitaka nioshe makopo. "Koko, kwa nini hukuniambia mapema?" nilimuuliza. Alinishangaa kweli. Alifikiri nimeweka bakuli pale kwa bahati mbaya. Hakufikiri kwamba yupo mtu mzima, Mkristo, aliyelelewa vizuri, anayeweza kukusudia jambo kama lile. Alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda, halafu akanikataza kumwambia mtu yeyote wa Masisi kwamba yeye ndiye aliyenifundisha.

Basi ndiyo hayo. Ng'ombe yule alikaa Kalengera kwa baba yetu mdogo, akazaa, na watoto wake wakazaa, na hakukauka hata msimu mmoja. Maboga ya Kiwanja bado yanakuja, siku hizi mengine juu ya pikipiki. Mimi mgongo umekataa kuinama, na pipa langu nimewaachia ninyi, mkilitaka. Badilisheni mnachotaka. Ongezeni zabibu, punguzeni sukari, pigeni picha, sijali. Lakini maji ya boga yakae upande wa kushoto, mkono uyajue bila macho, kwa sababu iko siku kichwa chako kitakuwa nje kinapigana na mvua, na mkono peke yake ndio utakaobaki jikoni.

Furaha bado anakuja mwezi wa kumi. Ni bibi sasa, nywele nyeupe kuliko zangu ingawa anakataa, na Bahati anamsindikiza na kibuyu kile kile cheusi, kimejaa, kwa ajili yetu sisi kunywa. Wanakitundika nyuma ya mlango wa jikoni, penye baridi. Halafu mimi napika, naye Furaha anakaa chumba cha mbele na wageni, anacheka, anasimulia habari za wajukuu. Na vikeki vikitoka, kabla hajagusa hata kimoja, mdogo wangu anaomba radhi, anainuka, anakuja jikoni mpaka nyuma ya mlango, anaondoa mfuniko na kuchungulia kama maziwa bado yamo.

"Yamo?" namuuliza.

"Yamo, yaya," anasema, na ndipo anakula.